Jumapili Sita Mbali na Deo

Wenzangu mnaoweza kusikia harufu ya pamba iliyochovywa kwenye spiriti na mkaendelea na maongezi yenu, nawaonea wivu. Mimi mwenzenu inanikata maneno. Juzi nilimsindikiza jirani kumpeleka mwanawe kuchomwa sindano, na muuguzi alipofungua tu kichupa cha spiriti, nikajikuta natafuta kwa macho kitoto chembamba kilichozibwa masikio kwa pamba. Hakuwepo, bila shaka. Hayupo siku nyingi sana. Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi, mtu mzima na mvi zangu, nikisingizia joto.

Kitoto hicho ni Deo, mdogo wangu, tuliyezaliwa wawili tu tumbo moja. Tulikuwa tunakaa Mlabani, Ifakara, na Baba alikuwa akitengeneza baiskeli barazani kwetu. Deo alizaliwa mnene, wa kubebwa kwa zamu na majirani. Alipoanza kukaa ndipo mambo yalipoharibika. Hajamaliza dawa ya kifua, sikio linatoa usaha. Sikio likikauka, jipu linaota kwapani. Jipu likipasuka, anaharisha mpaka macho yanaingia ndani. Mama aliijua njia ya hospitali hata angefungwa kitambaa usoni.

Na watu, jamani, watu wana midomo! Kwanza walisema mtoto kabemendwa, yaani baba au mama katoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya, na adhabu imemwangukia yeye. Wakamtazama Mama, wakamtazama Baba, wakashindwa kukubaliana nani wa kulaumiwa. Deo alipozidi kukonda wakaacha habari ya kubemendwa, wakaanza kuutaja ule ugonjwa mwingine, ule ambao miaka ile hautamkwi, unainuliwa tu nyusi. Mama alipimwa, Baba akapimwa, Deo akapimwa, wote wakaonekana hawana. Lakini nani atatembea na karatasi ya majibu kisimani kumwonyesha kila mwenye ndoo? Wenye watoto wakawa wanawaita ndani Deo akitokea.

Aliyetufumbua macho alikuwa Sista mmoja wa Kizungu, daktari, mwenye Kiswahili cha kukwaruza lakini cha heshima. Siku moja, badala ya kumuuliza Mama habari za Deo, alimgeukia Bibi, mama yake Mama, aliyekuwa amekuja kutoka upande wa Mahenge kukaa nasi.

"Bibi, wewe ulizaa watoto wa kiume wangapi?"

"Watatu."

"Wako wapi?"

Bibi akamtazama kana kwamba ametukanwa. Kisha akasema. Wote watatu walikufa kabla ya umri wa kwenda shule, kifua na masikio, kifua na masikio, na mabinti zake wote wazima. Sista akaandika, akamtoa Deo damu, ikasafirishwa Ulaya. Jibu lilirudi mpunga ulishavunwa na mwingine ukapandwa. Mwili wa Deo, Sista alieleza, hautengenezi kinga. Kila mtu ana askari ndani ya damu. Yeye hakuzaliwa nao. Ni ugonjwa unaopitia kwa mama bila kumuumiza na unawakamata watoto wa kiume. Bibi aliposikia hayo alifunga kitenge chake vizuri, akatoka. Nilimkuta nyuma ya wodi amekaa chini, miguu ameinyoosha, halii.

Dawa ilikuwa sindano, kila baada ya wiki chache, iliyotengenezwa kwa damu ya watu wazima wa afya huko kwao Sista. Ilikuja kwa vifurushi, na kifurushi kikichelewa sote tulikuwa tunasikilizia kifua cha Deo kama wasikilizavyo redio. Sindano yenyewe ilikuwa nene, ya matakoni, kulia na kushoto, na baada yake hakuweza kukaa siku mbili. Baba hakustahimili kuingia. Mama alishika mikono, mimi nikashika miguu. Deo alikuwa hapigi kelele mpaka aione pamba.

Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, na habari ile ya askari niliielewa kwa kichwa changu cha miaka tisa. Niliona mwili wa Deo ni nyumba isiyo na mlango, na kila kitu kinaweza kuingia: vumbi, nzi, kikohozi cha mtu wa kanisani. Nikajiteua. Nililala upande wa nje wa mkeka. Nilionja uji wake kwanza. Mtu akikohoa karibu nasi nilimkazia macho mpaka aone haya, hata awe mzee wa kuamkiwa shikamoo. Mama alinicheka, lakini hakunikataza.

Mpunga ulipoanza kushika punje tukahamia shamba, Michenga, kama kila mwaka. Wanaojua bonde lile wanajua: ukiacha shamba siku mbili, ndege wanakuachia mabua. Tulikuwa na dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya miguu ili maji yasitufikie na ili tuone mbali, na kazi yetu watoto ilikuwa kuamia, kupiga makopo na kurusha tope kwa fimbo tangu alfajiri mpaka jua lizame. Deo, aliyekuwa amefikisha miaka minne, alikaa juu ya dungu na kopo lake la maziwa na jiwe, akipiga hata mahali pasipo na ndege. Bibi alimwita mume wake. "Mume wangu leo kafukuza ndege wa Michenga yote," alimwambia, "kesho atafukuza na wa Mchombe." Deo alifurahi kwa sifa hiyo mpaka akakosa usingizi.

Kisha ikaja habari kwamba kifurushi kimefika mjini. Baba alikuja na baiskeli kumchukua Mama kabla hapajapambazuka, maana alitakiwa akatie sahihi na kupanga siku ya sindano. Mama alinishika sikio, si kwa ukali, ila nisisahau.

"Mage, nasikia watu wa chanjo ya matone wanapita mashambani wiki hii. Deo asipewe. Sista amekataza. Kwa watoto wengine ni kinga, lakini ndani ya matone mna mdudu wa polio aliyedhoofishwa, na mwili wa Deo hauwezi hata huyo dhaifu. Anaweza kupooza. Umesikia? Mwambie na bibi yako akiamka."

"Nimesikia, Mama."

Akapanda nyuma ya baiskeli, wakaondoka. Bibi alipoamka nilimwambia. Akaguna tu.

Walikuja siku ileile, jua likiwa utosini. Alikuwa mhudumu mmoja kijana, mchangamfu, mwenye boksi la barafu begani, na mbele yake balozi wa nyumba kumi akipaza sauti shamba hadi shamba: "Leteni watoto wa chini ya miaka mitano! Ni bure! Haiumi!" Akina mama walitoka kwenye mpunga na watoto mgongoni. Bibi naye akashuka kwenye dungu na Deo mkononi.

"Bibi, Mama kasema asipewe!"

"Mama yako amezaliwa lini?" Bibi akasema bila kugeuka. "Mimi nimezika watatu sikuwa na hata tone la dawa la kuwapa. Leo dawa imenifuata shambani kwa miguu yake, niikatae?"

Naomba mnielewe: Bibi hakuwa mkaidi wa kijinga. Sasa nami nimezaa, namwelewa kuliko nilivyomwelewa mtu yeyote. Lakini siku ile niliona tu mkono wa Deo kwenye mkono wake na mhudumu akitingisha kichupa, na hofu ikanipanda mpaka masikio yakaziba. Nilijipenyeza katikati yao.

"Nipe mimi kwanza!"

"Wewe mkubwa, dada," mhudumu akacheka. "Umepita umri."

"Ananionjea kila kitu," Deo akamwambia kwa majivuno. "Hata uji."

Watu wakaangua kicheko. Mhudumu naye mtu wa utani. "Haya, mwonyeshe mdogo wako kuwa haiumi. Panua." Nikapanua. Matone mawili, ya baridi, yenye uchungu kidogo na chumvi kidogo. Nikameza. Watu wakapiga makofi. Mhudumu aliinama kutingisha tena kichupa ili ampe Deo, na hapo nikamnyakua Deo, nikamtupia mgongoni, nikakimbilia ndani ya mpunga.

Nilikimbia mpaka maji yakanifika magotini. Nyuma yangu Bibi alikuwa akiita jina langu lote kamili, la ubatizo na la ukoo, na balozi akisema, "Huyu mtoto ana nini?" Nilichuchumaa kwenye matope, mpunga umetufunika, Deo mgongoni kimya kabisa. Nilihofia nyoka. Nilihofia kukohoa kwake. Zaidi nilihofia kwamba Bibi angetupata na mimi ningeshindwa. Tulikaa mpaka sauti zikahamia mashamba ya mbali, na Deo akaninong'oneza, "Dada, mbu ameniuma jichoni." Ndipo tukatoka.

Bibi alininunia, hakunipiga. Mama aliporudi jioni nikamsimulia nilivyomnyakua Deo na kukimbia, bila kutaja matone niliyomeza. Alinikumbatia, nikasikia moyo wake unavyokwenda mbio. Kisha, akimpangusa Deo tope, akaongeza jambo ambalo asubuhi, kwa haraka zile, hakuwa amelisema.

"Afadhali na nyie wakubwa hamhusiki na matone. Maana Sista alisema hata anayelala naye asinywe. Mtu akinywa, yule mdudu anakaa tumboni mwake mwezi na zaidi, anatoka chooni, anabaki mikononi, anaweza kumpata Deo hivyohivyo."

Alisema hivyo akiendelea kupangusa. Mimi nilikuwa nimeshika kibatari. Nilikiweka chini polepole. Bibi, aliyeniona nikimeza, alikuwa jikoni akipuliza moto, hakusikia. Nilipaswa kusema palepale. Mama alikuwa ametoka kunisifu, na nilijua nikifungua mdomo nitaona uso wake ukibadilika, na nilikuwa tayari kwa lolote isipokuwa uso ule. Mungu anisamehe, nilinyamaza.

Usiku ule nilikataa kulala kwenye mkeka wetu. Nilisema Deo ananikojolea. Hakuwa ananikojolea, alishaacha zamani, na alikuwa akijivunia jambo hilo kuliko kopo lake. Alinitazama mdomo wazi. Nikahamia upande wa Bibi. Sikulala. Nilishika tumbo langu, nikimwona mdudu yule humo ndani, amekaa, ananingoja mimi nijisahau.

Mwezi na zaidi. Sikuwa na kalenda, nikaamua kuhesabu Jumapili, na ili niwe salama nikajipangia sita. Jumapili sita nisimguse. Mtauliza, mtoto wa miaka tisa aliwezaje? Niliweza. Nilinawa kwa majivu na sabuni ya mche mpaka vidole vikapasuka. Chooni nilikwenda mbali, ng'ambo ya mfereji, nikafukia kwa jembe. Sikuonja tena uji wake. Wali na kambale tulikuwa tunakula sinia moja. Nikaomba sahani yangu, nikasema Deo anamwaga. Akinyoosha mikono nimbebe, nilijifanya nimeona ndege. Siku ya sindano nilisema nabaki kuamia, Bibi akaenda kushika miguu badala yangu. Bibi aliniona na kutikisa kichwa. "Siku hizi mke mwenzangu ana maringo," alisema. Mama akadhani nimechoka, na kweli ni haki ya mtoto kuchoka na mgonjwa, hivyo hakunilazimisha. Laiti angenilazimisha!

Kila asubuhi nilimpima kwa mbali. "Deo, ruka!" Akaruka. "Ruka kwa mguu mmoja!" Akaruka. "Mwingine!" Hapo ndipo nilipopumua. Mwanzo aliona ni mchezo, akanijia akicheka, nami nikarudi nyuma. Baada ya siku kadhaa akawa anaruka bila kucheka, anatazama pembeni. Kisha akaanza kunigeuzia mgongo. Nikipita karibu na mkeka wake usiku, aligeukia ukuta wa dungu na kujifunika kanga mpaka kichwani, joto lote lile. Nilijua kakasirika. Nilijiambia atakuwa hai, atakasirika akiwa hai, nitamwomba msamaha Jumapili ya sita ikipita. Iliniuma mno. Nililia ndani ya mpunga ambako kelele za ndege zinafunika kila kitu.

Asubuhi baada ya Jumapili ya tano nilimwambia, "Deo, ruka," na hakuinuka.

"Ruka basi."

"Siwezi. Mguu hautaki."

Sijui nilipiga ukelele wa namna gani, ila Mama alifika kutoka mwisho wa shamba na mundu mkononi akidhani ni nyoka. Deo alikuwa amelala, mguu wa kulia umekunjwa, hauendi mbele wala nyuma. Mama alimfunga mgongoni, tukashika njia. Kufika barabarani tulipata trekta lililokuwa linabeba magunia, likatupakia mpaka mjini. Deo aliguna kila tulipoingia shimo. Mimi nilikaa ukingoni, mbali naye kadiri tela lilivyoruhusu, nikiomba Mungu anichukue mguu wangu, wowote, hata yote miwili.

Pale hospitali walimwingiza ndani, mimi na Mama tukabaki kwenye benchi la nje. Ndipo nilipovunjika. Nilimwambia yote, matone, mhudumu, kicheko cha watu, mkeka, uongo wa kukojoa. Nilisema, "Mama, ni mimi niliyempoozesha." Nilipomaliza nilifumba macho ningojee kofi.

"Na hili umelibeba peke yako tangu siku ile?" Mama aliuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ningekuchapa, Mage," akasema, "lakini mikono haina nguvu." Kisha mikono hiyohiyo ikanivuta kifuani kwake, na tukalia wote wawili mbele za watu, bila aibu, mpaka Sista akatoka.

Mama alimweleza. Sista hakucheka na hakunikaripia. Alichuchumaa, akanishika goti langu. "Mguu wa polio unalegea kama kitambaa," alisema. "Mguu wa Deo umevimba, ni wa moto, unauma ukiguswa. Ni usaha ndani ya goti. Ni kwa sababu ya ugonjwa wake mwenyewe, siyo matone yako. Usaha nimeutoa, na ataanza sindano nyingine za kuukausha. Ulichoogopa kingeweza kutokea, sikudanganyi. Lakini hakikutokea." Akaniambia pia kwamba wiki zilizopita zinatosha, na akawaagiza wanipime choo ili moyo wangu utulie. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuongea nami hivyo.

Deo alipona goti. Aliishi miaka mitatu na kidogo baada ya hapo, akaanza na darasa la kwanza, akajua kuandika jina lake na langu. Baadaye Sista alirudi kwao akiwa mgonjwa, vifurushi vikapungua, kisha vikaacha kuja, na kifua kikafanya kilichokuwa kikingoja kufanya. Nilimshika miguu siku hiyo pia. Sitaki kulisimulia hilo. Nataka niwasimulie jioni ile ya goti, aliponiruhusu Mama kuingia wodini.

Alikuwa amelala kitanda cha mwisho, goti limefungwa bandeji kubwa kuliko kichwa chake, uso ameuelekeza ukutani. Nilisimama miguuni pa kitanda.

"Deo. Naruhusiwa kukaa na wewe sasa."

"Usikae."

"Bado umenikasirikia?"

"Sijakasirika." Aliongea na ukuta. "Kaa kule mlangoni."

"Kwa nini?"

Akachokoa rangi ya ukuta kwa ukucha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa muuguzi asimsikie, "Watoto wa kisimani walisema nitakufa, na atakayelala na mimi naye atakufa. Nilitaka kukuambia. Halafu nikaogopa utahama. Ukahama mwenyewe. Nikasema afadhali."

"Ndiyo maana ulikuwa unanigeuzia mgongo?"

"Nilikuwa napumulia ukutani. Ili isikufikie."

Mtoto wa miaka minne, jamani. Kila usiku, ndani ya kanga, kwenye joto lile.

"Nenda, dada," akasema. "Huogopi?"

"Naogopa sana," nikamwambia, nikapanda kitandani.